Simu Haimjui Mama Zipu

Kwenye kona, mbele ya duka la vifaa vya umeme, kuna benchi la muuza kahawa ambalo mguu wake mmoja ni tofali. Hapo hukutana wasiokosa la kusema: Mwalimu Kamusi, aliyestaafu kufundisha lakini hakustaafu kusahihisha watu; Breki, dereva ambaye lori lake halitoki gereji; na Mama Zipu, fundi wa zipu na mabegi, anayefufua hata mkoba uliokwisha kutupwa jalalani. Asubuhi hiyo Mama Zipu aliketi na kikombe cha kahawa mkononi, uso umemshuka.

— Jamani, simu hainijui. Jana binti yangu kaandika “fundi zipu karibu nami”. Wametokea watatu. Mmoja yuko ng'ambo ya mto. Wa pili ni yule kijana wa juzijuzi anayeshona zipu juu chini. Wa tatu anauza matairi! Mimi, mama yake mzazi, simu imeniruka.

Alijitia kucheka. Siku hizi cherehani yake alikuwa akiifuta vumbi zaidi kuliko kuikanyaga.

— Tatizo ni herufi, Mwalimu Kamusi alidakia. Simu huanzia A. Mpaka ifike M, chaji imeisha. Jiite Aaa Mama Zipu.

— Si watadhani nimejichoma sindano?

— Achana na alfabeti, alisema Breki. Simu hufuata msongamano. Tuazime simu za mtaa mzima, tuzijaze kwenye ndoo, ndoo tuiweke chini ya cherehani. Itajua hapa kuna mambo.

— Na zikiibwa?

— Hapo utajulikana mpaka polisi.

Mwalimu hakukubali kuzidiwa.

— Sikilizeni. Simu hutazama kwa setilaiti. Setilaiti iko juu. Kutoka juu inaona nini? Bati! Tuchore zipu kwenye bati lako, ukuta hadi ukuta.

— Iwe wazi au imefungwa? aliuliza Breki.

— Imefungwa! Setilaiti nayo ina heshima zake.

Mama Zipu alicheka mpaka kahawa ikampalia. Breki naye akachomoa simu yake, akabonyezabonyeza huku ametoa ulimi.

— Tayari! Nimekuweka kwenye ramani.

Mama Zipu akaichungulia. Jina lake lilikuwa pale, limeandikwa vizuri. Akasogeza uso karibu.

— Breki, mbona niko ndani ya choo cha soko?

— Si ndipo wanapopita watu wengi?

— Wakipita wana haraka zao! Nitoe humo!

Breki akamtoa, akamtumbukiza mtoni, akamwopoa, na baada ya kelele nyingi akamfikisha mlangoni kwake. Mwalimu akaandika sifa: “Tangu anitengenezee suruali, sijaaibika hadharani.” Akampa nyota tano. Mama Zipu aliyasoma maneno hayo mara mbili. Moyo ulimtulia. Akawaagizia wote kahawa nyingine, wakainamia simu wakisubiri wateja watokee.

Walikuwa bado wameinama alipokuja mwanamke mmoja, jasho linamtiririka, amekumbatia begi la safari lililofungwa kamba.

— Hamjambo wenzangu? Namtafuta fundi wa zipu.

— Umeona! Breki aliruka. Simu imekuelekeza!

— Simu gani, kaka yangu? Yangu imezima tangu jana. Nimeuliza watu. Kila niliyemuuliza anamsifu mama huyo, wakanionyesha mpaka mlango. Nimebisha weee, kufuli tu. Na basi langu linaondoka mchana huu.

Akalitua begi chini, akawatazama mmoja mmoja.

— Hivi, huwa anafungua saa ngapi?

Breki akaitia simu yake mfukoni. Mama Zipu alikwisha kusimama, begi la watu kwapani, mkono mwingine unapapasa funguo, na kahawa yake ya pili ameiacha benchini hata hajaionja.