Ba Jilali na Moshi wa Derb el-Hajar

Wasikilizaji wapendwa, mtaa wote wa Derb el-Hajar ulipigiwa filimbi na marehemu Ba Jilali. Wote, isipokuwa mimi. Rekodi yangu safi kama sinia la bibi harusi.

Ba Jilali Amezian ametutoka Jumatatu, akiwa na miaka sabini na mmoja. Arobaini kati ya hiyo aliimaliza mbele ya tanuri la mtaa, akioka mikate ya watu. Mkate wa kila nyumba aliujua kwa sura. Ukimpelekea unga uliokataa kuumuka, anakuuliza, "Vipi, mmegombana nyumbani?"

Alipostaafu, mji ukaanza kujaribu polisi wa akiba. Majaribio ya miezi mitatu. Wakazi ishirini, Ba Jilali mmoja wao, kizibao cha rangi ya machungwa, filimbi shingoni. Walinde soko la Alhamisi, na wausaidie kila mtaa kutimiza ahadi yake wenyewe ya kupunguza hewa ya ukaa. Ahadi yetu ilikuwa hii: tanuri moja kwa nyumba zote, kuni zake makapi ya zeituni, matairi marufuku. Moshi mweusi mara tatu, tanuri linafungwa. Narudia: mara tatu. Na kufikia wiki ya mwisho ya majaribio tulishafikisha mbili.

Mkewe, Lalla Zhor, anakumbuka: "Chakula hakipiti. Yuko darini tu, anatazama bomba la moshi kama mtu aliyeingiziwa mtoto chumba cha upasuaji."

Asubuhi moja, zikiwa zimebaki siku nne, moshi ukatoka mweusi tii. Mwokaji mpya katoka kunywa chai. Kijana fulani, jina nalihifadhi, ana masinia sita ya biskuti za harusi ya dada yake. Kaona moto unalegea, kausaidia kwa tairi la pikipiki.

Ba Jilali akashuka ngazi mbio, na kifua chake kile kibovu. Akanyakua koleo refu la mikate, akalivuta tairi likiwaka, akalitosa kwenye pipa la maji. Mkono ukaungua. Mara mkaguzi wa mji huyo mlangoni, daftari mkononi.

"Moshi gani ule?"

"Wa tairi. Andika."

Mkaguzi akatazama pipa, akautazama ule mkono. "Nani kalizima?"

"Sisi wenyewe."

"Basi sina la kuandika, mzee wangu. Unaohesabiwa ni ule mnaouacha uendelee."

Ba Jilali akakaa chini pale pale, akacheka mpaka akakohoa. "Nipeni mkate," akasema. "Njaa inaniua."

Tanuri lipo hadi leo. Polisi wa akiba wameongezewa mwaka. Yote mawili aliyasikia kabla ya kufumba macho, na hilo limetutua mzigo.

Lalla Zhor, na watoto wake Hind na Mounir, poleni sana. Nasi tuliobaki tujiulize: moshi ukitoka kesho, nani atashuka darini?

Lalla Zhor yuko nami hapa studioni. Mama, neno la mwisho?

"Ahsante, mwanangu Anass. Biskuti za dada yako nilizila. Zilinuka tairi. Na filimbi aliyokupigia siku ile, hata wa mtaa wa pili waliisikia."