Viatu vya Kumbebea Vénantie

Benchi letu liko kwenye ukumbi wa stesheni ya treni ya Bredäng, huku kwa Waswidi, upande ule hewa ya moto inapotokea ukutani. Hapo ndipo tunapokunywa kahawa ya Dorothée, mama wa Uvira anayetembea na themosi kama wengine wanavyotembea na simu. Alhamisi hiyo, Februari 2010, tulikaa wanaume wanne. Kesho yake tulikuwa tumbebe Vénantie kwenda kaburini, dada mkubwa wa Sébastien, yaya kama wanavyoita kwao. Sébastien tunamwita Kiwi kwa jinsi viatu vyake vinavyong'aa. Israël, Mkongo mwenzake, ni Askofu, kwa methali zake zisizo na mwenyewe. Ludovick, Mtanzania mwenzangu, ni Injinia: alikuja kusoma, sasa anatengeneza lifti. Wa nne ni mimi. Sébastien alifika suruali imelowa nyuma.

— Umeanguka tena? Ludovick akamuuliza.

— Sikuanguka. Niliketi, pale kwenye ngazi.

— Na viatu hivyo ndivyo vya kesho?

— Njo hivi. Yaya alinichagulia mwenyewe, Matonge, kule Bruxelles. Hata hospitali alikuwa ananiuliza kama navipiga rangi.

— Soli ya ngozi, Kiwi! Juu ya barafu huo ni mlenda.

— Kuteleza si kuanguka, Israël akasema.

— Na jeneza begani je, Askofu?

— Haba na haba hujaza kibaba.

— Inaingiaje hapo?

— Hatua ndogo ndogo, Injinia.

Nikamshauri Sébastien avae mabuti. Akaniangalia kama nimemtukana.

— Mabuti? Nimzike yaya kama mtu anayekwenda kuzoa theluji?

— Basi vaa broddar, nikasema, ile misumari ya kufunga chini ya kiatu.

— Kwenye sakafu ya kanisa? Watadhani mbuzi wameingia.

— Msasa, Ludovick akasema. Unaubandika kwenye soli. Namba sitini.

— Kiazi kibichi, Israël akasema. Unasugua soli. Kwetu Fizi tulikuwa tunafanya.

— Fizi kuna barafu?

— Kuna matope. Utelezi ni utelezi.

— Au tujifunge kamba kiunoni, Ludovick akasema, sote sita na binamu za Kiwi, kama wapanda mlima. Mmoja akienda, wengine wanamvuta.

— Au tunaanguka wote, Israël akasema. Umoja ni nguvu.

Tulicheka mpaka mlinzi wa stesheni akageuka. Sébastien peke yake hakucheka. Alikuwa anavitazama viatu vyake.

— Nyie mnacheka, akasema. Miye nikifunga macho namwona yaya chini kwenye theluji, na watu wote wanatazama.

Dorothée akammiminia kahawa.

Ijumaa ilikuwa mbaya kuliko tulivyoogopa. Manyunyu yalinyesha juu ya theluji, yakaganda. Njia ya kutoka kanisani kwenda kaburini iling'aa kama kioo, tena inateremka. Sote tulivaa viatu vyetu vya heshima, vyeusi, kwa sababu mwishowe hakuna aliyetaka kuonekana ovyo siku ya Vénantie. Mlangoni Dorothée akafungua mkoba wake mkubwa akatoa soksi za sufu, za kijivu, nene, jozi sita.

— Vaeni juu ya viatu.

— Mbele za watu? Israël akanong'ona. Wafanyakazi wenzake Vénantie, wanawake wa Kiswidi wa kwenye nyumba ya wazee, walikuwa wamejipanga na makoti yao meusi na maua.

Sébastien akaitazama njia. Akalitazama jeneza. Kisha akaketi palepale kwenye kizingiti, akavuta soksi juu ya kiatu cha Bruxelles, ncha ikachongoka ndani yake.

— Yaya, unisamehe, akasema, akavuta ya pili.

Tukamfuata, mimi, Ludovick na wale binamu wawili wa Sébastien wa Vårby gård. Israël alikataa. Alisema Mungu anamjua.

Katikati ya mteremko miguu ya Israël ikaondoka. Alipiga goti, na jeneza likainama upande wake. Nilihisi uzito wote ukikimbilia mbele. Sébastien, aliyekuwa sambamba naye, alitoa sauti kama mtu anayenyanyua gunia, akajikita. Miguu yake haikusogea hata kidogo. Tukasimama hivyo mpaka Israël akapata kunyanyuka na kulirudisha jeneza begani.

— Msitembee kwanza, Dorothée akasema.

Akaja akachuchumaa kwenye barafu na gauni lake jeusi. Akamvalisha Israël soksi, mguu huu, halafu huu, huku yeye ameshikilia jeneza, kama mtoto anayevalishwa kwenda shule. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja wa Kiswidi alikuwa analia waziwazi. Tukaendelea.

Kamba zilipomshusha Vénantie, Sébastien akatoa pumzi ndefu, moshi wake ukapanda ukapotea.

Chakula, wali na sombe, kisamvu cha Wakongo, kiliandaliwa kwenye ukumbi wa chama chetu, mtaa wa pili kutoka stesheni. Sisi tulitangulia, tukaishia kwenye benchi.

— Nilijua tutafika, Israël akasema. Maji yakimwagika hayazoleki.

— Ya huku yanazoleka, Askofu, Ludovick akamjibu. Kwa koleo.

Hapo Sébastien akacheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa tai.

Thomas, rafiki yetu wa Upplands Väsby, akatokea anahema, koti wazi.

— Poleni, jamani. Treni ilikwama, nimekosa mazishi. Imekuwaje?

— Amefika, Sébastien akasema. Yaya amefika salama.

— Mungu ashukuriwe. Na nyie mmekula?

Tukatazamana. Tumekula lini, leo? Jana? Sébastien akajipapasa tumbo kama mtu anayetafuta funguo.

— Unajua, tangu yaya alale sijasikia njaa.

— Na sasa?

— Sasa naisikia, akasema, akasimama. Sombe, ndugu zangu. Sombe na wali mwingi.