Pruitt Kahamishiwa Akiba

Kwenye treni ya kwenda uwanjani, Vernon alikuwa ameshaandika kwa wino, katika daftari lake la besiboli, kwamba Pruitt ndiye atakayeanza kuwarushia wapinzani mpira. Mama aliyekaa kando yake akachungulia. "Pole, mzee. Pruitt kahamishiwa akiba. Ataingia mwishoni, wakikumbuka kuwa yupo."

"Akiba? Mtu kaanza mechi miaka tisa!"

"Na juzi mipira yake minne imepigwa na wapinzani ikatua jukwaani. Waliokaa huko wanamshukuru kwa zawadi."

"Bega tu linamsumbua."

"Basi akalipumzishe huko akiba, atafune mbegu za alizeti. Likate hilo jina."

Vernon akafunika kalamu. Treni ikasimama, mama akainuka. Mgongoni mwa jezi yake, kwa herufi zilizopauka kwa kufuliwa: PRUITT.

"Na hilo lako, mama," Vernon akauliza, "utalikata lini?"