Tembea, Baba, Huku Ukizungumza

Mheshimiwa mgeni rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu wapendwa, wazazi na walezi mlioacha shughuli zenu, ndugu wageni waalikwa, na nyinyi wahitimu wenzangu ambao kwa miaka mitatu nimeazima kalamu zenu bila kuzirudisha: nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa nieleze tumejifunza nini hapa. Jibu fupi ni kwamba tumejifunza kuwaandikia watu mazoezi. Jibu refu lina baba yangu ndani yake, na mkiniwia radhi, nitatoa hilo refu.

Watu hudhani kazi yetu ni kupiga filimbi na kuhesabu moja, mbili. Lakini je, mjamzito wa miezi saba utamlaza chali kama mcheza mpira? Mshona nguo mwenye kisukari utamwacha atembee pekupeku, bila kitu kitamu mfukoni, ati kwa sababu amezoea? Karani anayelia na kiuno utamnyanyulisha vyuma siku ya kwanza? Kila mtu ana dozi yake, na ya huyu yaweza kumdhuru yule. Haya tuliyakariri mpaka tukayaota. Ila kukariri, ndugu zangu, si kujua.

Baba yangu ni fundi seremala. Miaka arobaini mdomo wake umeshika misumari, basi maneno hayakupata nafasi. Mama alipofariki, miaka sita iliyopita, hata yale machache yaliisha, na jina la mama hatukulisikia tena kinywani mwake. Mwaka jana akapata shambulio la moyo. Alipotoka hospitali, daktari alimruhusu kutembea kila siku, taratibu, akatuonya kwamba akikaa tu moyo utazidi kudhoofu. Nikajipiga kifua: hiyo kazi ni yangu, mimi ndiye msomi wa nyumba!

Siku ya nne nilimshika kifundo cha mkono barabarani nikahesabu mapigo. Yalikuwa machache. Nikamwambia, "Baba, bado hujafanya kitu, kaza mwendo!" Akakaza. "Uko sawa?" Akaitikia kwa kichwa. Nikamwambia aongeze. Tulipofika kwenye ukuta wa duka la dawa, akauegemea huku jasho baridi likimtoka, kisha akateremka polepole mpaka chini. Nilikuwa nimesahau kwamba vidonge vyake vya moyo hupunguza mapigo, kwa hiyo hesabu yangu haikuweza kunionyesha amechoka kiasi gani. Swali hilo lilikuja kwenye mtihani, nami nililipata.

Hospitali walimtuliza, akarudi nyumbani, akagoma. Wiki mbili hakutoka kitini. "Niache nife kwa raha zangu," alisema, na hiyo ndiyo sentensi ndefu kuliko zote alizonipa mwaka ule. Niliogopa sana. Nilikuwa nampoteza baba, na mkono wangu ulikuwemo.

Nikaenda kwa mwalimu wetu wa vitendo, huyu hapa tunayemwita Mama Polepole, na leo asijifanye halijui jina hilo. Nililia ofisini kwake mpaka akafunga mlango. Hakunikaripia. Aliniuliza tu, "Ulijuaje kama yuko sawa?"

"Aliitikia kwa kichwa."

"Kichwa hakihitaji pumzi kuitikia, mwanangu. Mdomo ndio unaohitaji. Mtembeze kwa mwendo anaoweza kuzungumza. Sentensi ikianza kukatika, punguza. Akisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama."

"Mwalimu, baba yangu hazungumzi."

"Basi mazoezi yako yanaanzia hapo. Anajua nini?"

Daktari alipomruhusu tena, nilipiga magoti mbele ya kiti cha baba nikamwomba msamaha, kisha nikamwomba anionyeshe milango aliyoitengeneza mtaani kwetu. Akainuka.

Jamani, kumbe mzee alikuwa na ghala la maneno! "Ule ulikuwa wa mbao mbichi, nilimwonya mwenye nyumba, hakusikia. Sasa mvua ikinyesha anaufungua kwa teke." Mlango kwa mlango, mimi nikisikiliza pumzi, yeye akidhani nasikiliza useremala. Na kweli nilikuwa nasikiliza vyote viwili. Mwezi wa pili, bila kuulizwa, akasema, "Mama yako alikuwa mwepesi wa kutembea. Kila siku namwambia, nisubiri, nisubiri. Hakunisubiri." Alisema yote hayo bila kutweta. Nikalia pale pale barabarani, kwa huzuni na kwa furaha, wala sikujua ipi imetangulia.

Wahitimu wenzangu, tunakwenda kuwapokea watu ambao wameogopa miili yao. Tusiwaandikie chochote kabla hatujawasikia. Walimu wetu, asanteni kwa kutusahihisha bila kutuvunja. Wewe Mama Polepole, deni lako silipi, nalibeba tu.

Mtaniwia radhi pia kwa kuchelewa kuingia asubuhi hii. Ukumbi huu uko ghorofa ya pili, na yule mzee wa safu ya tatu amekataa kubebwa. Tumepanda kidogo, tumepumzika, tumepanda tena, naye muda wote ananisimulia siku alipomwona mama kwa mara ya kwanza. Karibu na juu nikaingiwa na hofu, nikamkatiza: "Baba, tusimame, usichoke."

Akasema, "Hebu nyamaza kidogo, mwanangu. Nimalizie."

Basi nanyamaza. Asanteni kwa kunitegea sikio.