Mama Laurentine Aliendaka ku Kazi mu Nyumba Yake

Mama Laurentine Chileshe, nkambo yetu, mama ya bazazi betu, alizaliwa ku Pweto tarehe 4 mwezi wa tano 1931. Baba yake alitumika kazi ku chemin de fer, ku matreni, ndjo mu 1938 akaleta jamaa yote Élisabethville, mu commune Albert, ile leo tunaita Kamalondo.

Alisoma kwa bamasœur, batawa ba kanisa, mpaka 1945. Bakamufundisha kusoma, kuhesabu na kushona. Kushona ndjo alipenda. Kuhesabu alisema itakuya yenyewe.

Tarehe 16 mwezi wa saba 1949 akaolewa na Léonard Kalenga, naye wa chemin de fer, mutu wa kimya.

Mu 1951 akaanza kushonea ku nyumba, juu ya tajiri moja muzungu mwenye duka mu mji. Kazi: kukunja miguu ya ma-pantalon, masuruali, basi. Kuyapeleka, alipita mulango ya nyuma ya duka, juu ya mbele ilikuwa ya bazungu. Akaomba kuwa coupeur, ule mwenye kukata costume yote, koti na pantalon. Tajiri akamujibu: "Weye unashindaka ku nyumba na masufuria. Coupeur iko mutu wa kazi."

Kesho yake, sirène ya kuita bantu ba mine, ba mugodi, ku kazi ilipolia, Mama akavaa robe, nguo yake ya misa, na viatu, akaaga Léonard, akatoka na mulango ya mbele. Akazunguka nyumba, akaingia na mulango ya nyuma, ya cuisine kwenye masufuria, akakaa ku masini ya kushona. Na kila siku vile. Jirani, mama Edith, alikufa na kicheko.

"Chileshe, na viatu ya misa unaenda wapi?"

"Ku kazi."

"Kazi gani? Umezunguka nyumba tu, mama."

"Na weye, hata kuzunguka hauyazunguka."

Kuchoka alichokaka. Hakuna chef wa kazi wa kumuona kama anashona ao anasinzia. Alisema: "Viatu binaniona." Jioni anazunguka tena, anapiga hodi mbele, na Léonard anamukaribisha na maji kama mugeni.

Costume ya kwanza alikata ilikuwa ya Léonard. Ku Paska ya 1955 Léonard akaingia mu kanisa ameivaa, na banaume bakasahau kupiga magoti. Bakaanza kuya kwa Mama kukatisha costume, moja moja, kisha foule ya bantu.

Mu 1956 tajiri mwenyewe akafika, saa sita ya muchana, akapiga hodi mbele. Coupeur yake alimuacha.

"Laurentine, nakutafuta juu ya kazi."

"Bwana, hapa muko kwangu ku nyumba, tunakula. Kwa kazi ni mulango ya nyuma, saa munane."

Akarudia saa munane. Akapita nyuma, ku masufuria. Mama Edith alitosha kiti yake inje juu ya kutazama vizuri. Mama Laurentine akakubali kukata, lakini kwake, mu atelier yake, pa kushonea.

Tangu mwezi wa tano mwaka huu wa 2024 miguu ilimukatalia. Alituomba tumubebe mu kiti, tuzunguke nyumba. Tulizunguka kila asubui, mpaka moyo yake ilisimama tarehe 9 mwezi wa munane.

Anaacha batoto bane, Godefroid, Alphonse, Régine na Angélique, bitukulu bengi, na masini yenye kushona mpaka leo.

Bantu bengine banasema mwanamuke wa ku nyumba hatumikake kazi. Basi baangalie: leo tumemutosha inje mu sanduku, na mulango ya mbele, viatu ku miguu.

Apumuzike na amani, Mama wetu, lakini saa ya kazi ikishaisha.