Historia ya Marehemu Skolastika Luambano, Mtunza Ghala la Maposeni

Baba Paroko, wazee wetu, majirani na ndugu mliokuja kutufariji, mimi Aidan, kifungua mimba wa marehemu, nimepewa na ukoo kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, naye mwenyewe aliagiza kwamba lisiachwe jambo.

Marehemu alizaliwa hapa Maposeni tarehe 10 Februari 1946, sikukuu ya mtakatifu somo wake, akiwa mtoto wa tatu wa Mzee Rupert na Mama Anjelika. Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1954 hadi 1961, akafunga ndoa na baba yetu, Romwaldi Gama, tarehe 8 Agosti 1964, wakajaliwa watoto wanne, ambao kati yao tumebaki wawili, mimi na Rosemary.

Mwaka 1975 aliajiriwa kuwa karani wa ghala la ushirika, na ushirika ulipoacha kununua mahindi na malori ya watu binafsi yakaanza kuyafuata hadi milangoni mwetu, kijiji kilimwachia ufunguo, kwa kuwa kipimo chake hakikuwahi kupungua wala kuzidi.

Mvua za mwisho wa mwaka 1997 ziling'oa daraja, zikaozesha mashamba, na kufikia Februari ghalani hakukuwa na chakula, ila magunia sita ya mbegu za msimu ujao, zilizopakwa dawa nyekundu ya wadudu, ambazo kijiji kiliuziwa na mfanyabiashara mmoja katika magunia yasiyo na onyo lolote. Wenye watoto walimsimamia mlangoni, mmoja akamwambia, "Mama Aidan, tukishakufa nani atapanda hizo?", naye, Jumamosi tarehe 14, akafungua. Aliziosha mbegu kwa maji ya moto mara saba, akiamini, kama tulivyoamini sote, kwamba rangi ikiisha na sumu imekwisha, akapika makande, akala yeye kwanza mbele ya watu, akangoja saa nzima, kisha akagawa.

Walilazwa watu kumi na wanane. Baba yetu alifariki siku ya pili, na Dorine, binti wa miaka sita wa jirani yetu Bwana Selestine, siku ya tatu.

Marehemu hakuisingizia mvua wala mfanyabiashara, bali alikwenda nyumba kwa nyumba, hadi Lizaboni na Msamala, akiwaonya watu kuhusu mbegu za dawa, na kila Jumapili alipiga hodi kwa Bwana Selestine, asijibiwe. Novemba figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na katika siku zake za mwisho alituuliza swali moja tu, kama majirani watakubali kumzika. Alifariki Alhamisi, tarehe 3 Juni 1999, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 53.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, wanaushirika wenzake, na majirani mlioleta unga na kuni. Tunamshukuru Bwana Selestine, ambaye jana, bila kutupa mkono wa pole, alifika makaburini, akawatazama vijana wetu, akasema, "Hili ni kaburi au shimo la viazi? Lete jembe," akachimba mpaka mwisho.

Mama, majirani zako wamekuja. Pumzika kwa amani.