Bega la Fundi Dari

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, nimepewa kazi hii ya kusoma kwa sababu wengine wamelia mpaka sauti zimekauka, nami yangu si nzima, basi mnivumilie.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita, akaanza darasa la kwanza mwaka 1975 na kumaliza la saba mwaka 1981, hesabu zikimshinda ila kwa kuchora hana mpinzani, na mwaka 1984 akaingia kwenye ufundi, akabobea katika dari, kazi ya kushinda mikono juu na vumbi machoni, hata watu wakasahau jina lake wakamwita Fundi Dari. Tarehe 8 Agosti 1992 alifunga ndoa na mshonaji, shemeji yetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1994 na wa kike mwaka 2009.

Tarehe 2 Juni 2006, akiwa kazini, jukwaa la mbao alilosimamia liliteleza, akadaka boriti kwa mkono wa kulia, akanusurika kuanguka, lakini bega likachomoka, na tangu hapo likawa linachomoka hata akivua shati. Tarehe 19 Mei 2008 alifanyiwa upasuaji wa matundu madogo, ule wa kuingiza kamera, bega likatulia miezi kumi na moja tu, na tarehe 7 Novemba 2011 daktari mwingine, ambaye leo yuko nasi, akarudia upasuaji uleule, akimweleza bila kumficha kwamba mara ya pili huwa na mashaka zaidi.

Daktari huyo alimpigia simu kila Januari, akimwuliza kama bega limetoka tena, kama anaweza kuweka kitu kwenye rafu ya juu, na kwa miaka kumi na miwili kaka akajibu kwamba halijatoka, liko imara, akaandikwa miongoni mwa waliopona.

Ndugu zangu, halikuwa imara. Kila lilipotoka, shemeji aliondoa vitambaa kwenye meza yake ya kukatia, kaka akalala kifudifudi, mkono ukining'inia na ndoo ya mchanga imefungwa kwenye kifundo cha mkono, wakangoja mpaka lirudi, kisha shemeji akaandika tarehe nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Alimgombeza sana kwamba amwambie daktari ukweli, kaka akajibu kwamba mtu aliyeinamia bega lake saa tatu nzima havunjwi moyo kwa simu, akacheka, na siku nyingine hakucheka. Mwaka 2013 aliacha dari, akabaki kupaka rangi kuta, tena sehemu za chini, wala hakuwahi kumrusha binti yake juu hata siku moja, jambo lililomuuma kuliko bega lenyewe.

Februari 2024 aligundulika ana maradhi ya figo, akalazwa tarehe 3 Mei, akafariki tarehe 16 Mei saa nane mchana. Siku mbili kabla, aliomba historia yake isidanganye kuhusu bega, kwa kuwa alisikia daktari bado anawatia moyo wagonjwa kwa habari za fundi aliyepona. Nyumbani tulibishana, mwanawe akisema baba asiaibishwe, tukachoka wote, mpaka asubuhi hii shemeji aliponikabidhi daftari.

Daktari, humu zimo tarehe ishirini na tatu, ya kwanza 30 Machi 2012, ya mwisho 11 Desemba 2023, tunakuomba umtoe kwenye orodha ya waliopona, ili anayekuja kwako kwa upasuaji wa pili aambiwe hali halisi, wala usidhani tunakulaumu, maana nyumbani kwake hukuwahi kusemwa vibaya.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliolala nasi tangu siku ile, na mafundi wenzake waliompakia sehemu za juu miaka yote hii bila kumsimanga.

Shemeji, meza yako sasa ni ya vitambaa tu.

Pumzika kwa amani, kaka, na bega lako nalo lipumzike.